Kiini Chenye Adabu

Treni ilikuwa imeshaiacha Usoke nyuma na Mihambo bado ameikumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Aliifunga kwa kanga mbili za mkewe, juu akazungushia blanketi, na kila behewa liliporuka kwenye maungio ya reli alinyanyua magoti ili kishindo kiishie kwenye mifupa yake. Nje hapakuwa na cha kutazama. Vumbi lilikuwa limemaliza miti, likamaliza mabati ya mapaa, na pale palipokuwa na mashamba ya tumbaku palibaki weupe mtupu, kama sakafu ya nyumba iliyohamwa.

Kwenye kiti cha mbele yao alikaa bwana mmoja mwenye kikapu cha viazi. Alimtazama Kalunde, mke wa Mihambo, kwa muda mrefu, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Nimemsalimia shemeji mara mbili," alisema. "Haongei?"

"Anaongea," Mihambo akajibu. "Anachelewa tu."

Kalunde akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, akamfinya mumewe paja. Lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Maana vumbi lile lilikuwa na tabia ya kuchagua. Wengine liliwaingia mapafuni, wengine likawakaa kooni. Wa mapafu walipewa pampu za kuwahemea. Wa koo walipewa ukanda: utepe mweusi wa kufunga shingoni, unaosoma misuli mtu anapoyafinyanga maneno, ukaipelekea kompyuta habari, na kompyuta ikayasema kwa spika. Kalunde alikuwa na nafuu kuliko wengi, kwa kuwa alikuwa mwimbaji, na Mihambo, fundi mitambo wa sauti aliyezunguka na bendi nchi nzima, alikuwa na rekodi zake za miaka yote. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya Kalunde mwenyewe. Kasoro ilikuwa moja: ilitoka imechelewa. Si sana, kiasi cha kope kufumba na kufumbua. Lakini mtu akijisikia anasema kitu alichokwisha kukisema, ulimi unajikwaa. Anarudia silabi, anasimama, anaanza upya, anakuwa kama mlevi anayejaribu kumdanganya askari. Kalunde alijitahidi, akachoka. Siku moja akauvua ukanda, akautundika msumarini, akawa anaongea kwa mikono.

Mihambo hakuizoea ile mikono. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akirudi safari, na kabla hajaufikia mlango anamsikia yule mwanamke ndani akigombana na jiko la mkaa. Alijua kwamba yuko nyumbani kwa sauti ile, si kwa kuiona nyumba. Sasa alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na alikuwa amelifunga ndani ya lile blanketi.

*

Kambi ya waliokimbia vumbi iliitwa Mabehewa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: mabehewa ya zamani ya mizigo yamepangwa safu kwa safu uwandani, kila moja limegawanywa katikati kwa ubao, familia moja huku, nyingine kule. Nesi wa safu yao, Redempta, mwanamke mrefu mwenye kuongea harakaharaka, aliwapokea akiwa na nyaya begani.

"Umeme wa kompyuta ni laini moja kila behewa," alisema. "Nyie mna kompyuta, jirani hana. Jirani ana pampu, na pampu yenyewe ni kuukuu, haina hata kengele. Kwa hiyo kompyuta yenu itaisikiliza."

"Kuisikiliza vipi?"

"Maikrofoni hii inapita chini ya ubao. Kuna programu inasikiliza pampu inavyohema. Mpira ukijikunja au makohozi yakiziba, mlio unabadilika. Programu ikigundua, inawasha king'ora kile cha juu ya paa, na mimi nakuja mbio. Tumeelewana, baba?"

Kabla Mihambo hajajibu, sauti ya mzee ikapenya ubaoni, imekatwakatwa na pampu.

"Nani huyo… wamemleta? Kabila gani?"

"Mnyamwezi!" Mihambo akapaza sauti.

"Lahaula! Sihaba… fungasha tuhame. Wameniletea… mpagazi wangu… nilale naye… ukuta mmoja."

"Kumbe Mzaramo! Ndiyo maana nimesikia harufu ya uvivu tangu stesheni."

Kisha mzee akacheka mpaka pampu ikapiga filimbi, na mkewe akawa anamsihi atulie. Watani hawahitaji utangulizi. Huyo alikuwa Mzee Pazi, aliyeendesha treni za mizigo enzi zake, na mkewe Bi Sihaba. Tangu siku hiyo, kila asubuhi mzee aliuliza kupitia ubao kama Mnyamwezi bado hajafa, na Mnyamwezi alijibu kwamba anangoja kwanza arithi godoro.

*

Ndani kabisa ya kila kompyuta kuna kiini. Ni programu ambayo mtumiaji haioni, na kazi yake ni kugawa zamu. Kompyuta ya nyumbani huonekana inafanya mambo mia kwa pamoja, lakini huo ni uongo mzuri: inafanya moja, inaliacha, inashika jingine, upesi mpaka jicho linadanganyika. Kiini cha kawaida kina haki kama mama wa watoto wengi, kila mmoja anapata kijiko chake. Sikio, bahati mbaya, halidanganyiki kama jicho. Sauti ikiwekwa foleni inachelewa, na ikinyang'anywa zamu katikati inakwaruza.

Mihambo aliamua kujenga kiini cha papo kwa papo, chenye kujua kwamba sauti haingoji. Alikuwa na matini ya kiini, yaani maagizo yake yalivyoandikwa, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha, na alikuwa na ukaidi. Aliondoa kila kisichohusika: mambo ya printa, ya kamera, ya michezo. Sauti husafiri ndani ya kompyuta kwa ndoo, na ndoo kubwa huchelewa kujaa. Akaifanya ndoo kikombe, kikombe akakifanya kifuniko cha chupa. Kila alipobadilisha kitu ilibidi kiini kijengwe upya tangu mwanzo, na mashine ilichemka mchana kutwa, Kalunde akiipepea kwa ungo.

Kilichomshinda ni jirani. Ile kazi ya kusikiliza pampu ilikuwa nzito. Ilipoingia ilishika kompyuta nzima kwa kitambo, na sauti ya Kalunde ikachanika kama kitambaa. Akiitanguliza pampu, Kalunde anarudi kuwa mlevi. Akimtanguliza Kalunde, pampu haisikilizwi.

Kalunde alimtazama akihangaika, kisha akamwuliza kwa mikono: nani kwanza? Akajionyesha mwenyewe, akauonyesha ubao. Halafu mikono ikaanguka mapajani, kwa kuwa hakutaka kujibiwa.

Jibu lilimjia Mihambo kutoka utotoni. Alilelewa na bibi ambaye alimchapa kwa kuingia nyumba za watu kama mbuzi. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi. Kimya, anangoja. Anapiga ya pili. Anapiga ya tatu, na asipojibiwa anaondoka zake bila kinyongo, arudi baadaye. Hasukumi mlango wala hapigi kelele. Mihambo akakiandika hivyo kiini chake. Sauti ndiyo mwenye nyumba. Kazi ya pampu ndiyo mgeni. Ikitaka zamu inapiga hodi, na mtu anayeongea lazima atue, maneno yana mapengo, basi kwenye pengo inakaribishwa, inasikiliza, inatoka. Isipokaribishwa hodi tatu, inaondoka, inarudi mzunguko unaofuata.

Akamweleza Redempta. Redempta akasikiliza kwa makini, kichwa upande.

"Na asipofunguliwa kabisa?"

"Dada, umeshaona binadamu anayeongea bila kutua kuvuta pumzi?"

"Nimemwona. Mama mkwe wangu."

Wakacheka wote watatu, na hoja ikafia hapo.

Kalunde akafunga ukanda. Mihambo akamsaidia kifungo. Akaufumba mdomo, akaufumbua.

"Baba," alisema, "hilo shati unalo tangu Usoke. Livue."

Ilitoka safi. Ilitoka pale pale midomo ilipotikisika, haikuchelewa, haikukwaruza. Mihambo alikaa chini sakafuni akalivua lile shati, akajifutia nalo uso.

"Mnyamwezi!" Mzee Pazi akaita. "Umeoa… mwanamke mwingine?"

"Ni yule yule, mzee wangu, shikamoo," Kalunde akasema. "Alikuwa njiani anakuja."

"Marahaba… marahaba, binti. Pole na… huyo mume."

Wiki ile Kalunde aliongea mpaka majirani wakaomba msamaha. Aliwasimulia habari za bendi, aliwagombeza wauza maji, alimwambia mumewe kwamba ameifundisha mashine adabu kuliko alivyowafundisha ndugu zake. Redempta akakinakili kiini, akakipeleka behewa kwa behewa safu nzima, popote palipokuwa na ukanda. Watu waliokaa kimya tangu vumbi lianze walisikika wakibishana bei ya mkaa. Mihambo alipopita walimpa mkono.

*

Alasiri moja Bi Sihaba alikuwa amekwenda kwenye foleni ya maji. Mzee Pazi akagonga ubao kwa ukucha.

"Binti. Wanasema… ulikuwa unaimba."

"Zamani, mzee."

"Mimi nami… niliendesha treni zamani. Wangeniletea… treni… ningekataa?"

Kalunde akamtazama mumewe. Mihambo alikuwa anachomelea waya wa spika ya akiba, akainua mabega: shauri lako.

Alianza chini, wimbo wa kulimia wa kwao, kwa woga, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. Ubeti wa kwanza ukaenda. Kwenye wa pili akafika pale ambapo mwimbaji huvuta sauti mpaka pumzi imwishie, naye akaivuta, na pumzi haikumwishia. Sauti yake haikuwa na mapafu. Ilikuwa inatoka kwenye shingo na waya. Macho yakamtoka. Akaendelea kuivuta, akaipandisha, akaizungusha, akaishusha ndani ya ubeti wa tatu bila kuikata, ule ukaingia wa nne. Hakuna mwimbaji aliyewahi kuimba hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na koo lisilohitaji hewa. Watu walitoka mabehewani wakasimama juani. Mihambo aliacha waya ukaungua. Alikuwa amesikiliza sauti maishani mwake kwa ajili ya kuzirekebisha, na hii haikuwa na cha kurekebisha. Ilikuwa kama maji.

Bi Sihaba alirudi na ndoo kichwani, akaitua taratibu, akakaa kwenye ngazi ya behewa. Alichungulia ndani, akaweka kidole mdomoni kuwaonya watu. Mzee amelala, alisema kwa ishara. Amelala vizuri.

Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi, na makofi yalipokwisha Bi Sihaba aliingia ndani. Hakupiga yowe. Alisema tu, "Mwenzangu. Mwenzangu. Mwenzangu."

Mihambo alifika kabla ya nesi. Mzee alikuwa amegeukia ubao, amesogea karibu ili asikie. Mpira wa pampu ulikuwa chini ya bega lake, umekunjika kama mrija wa soda. Pampu ilikuwa ikiusukumia hewa mpira ule kwa mlio wa kukoroma ambao hata mtoto angeutambua. Mihambo akatoa kichwa mlangoni, akainua macho juu ya paa. King'ora kilikuwa pale pale, hakilii.

Redempta aliingia anatweta, akampima, akaunyoosha mpira bila kuutazama sana kwa kuwa alikuwa anamtazama mjane.

"King'ora hakikulia," alisema. "Basi haikuwa pampu. Ni moyo, mama. Ulichoka wenyewe. Ameondoka anaimbiwa, wangapi wanapata hivyo?"

Mihambo alifumbua kinywa. Bi Sihaba alikuwa anatikisa kichwa kukubali, anakubali, anakubali. Akakifumba.

*

Jeneza lilipotolewa behewani kesho yake, watu walimsogezea mtani nafasi mbele. Hiyo ni kazi yake na hana ruhusa ya kuikataa. Mtani huzuia jeneza, humsema marehemu, hudai deni ambalo halipo, mpaka waliofiwa wacheke kidogo na machozi yapate njia. Mihambo alisimama mbele ya wabebaji. Hakuwa amelala. Walimngoja.

"Huyu nimemuua mimi," alisema.

Kicheko kikapita safuni.

"Nasema kweli. Nimemuua mimi. Mashine yangu haikumsikiliza, mpira ulijikunja, ikamwacha afe."

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja alijifuta macho. "Mnyamwezi huyu ana roho! Muueni naye tuwazike pamoja!"

"Jamani," Mihambo akasema, machozi yakimtoka, "sikilizeni, jamani, mimi ndiye," na hapo wakashindwa kabisa, wakashikana mabega, kwa kuwa hawakuwahi kuona mtani anayelia machozi ya kweli kwa ustadi ule. Bi Sihaba, katikati ya wanawake, alitabasamu kwa mara ya kwanza. Mtu akamtupia Mihambo sarafu, kama ilivyo desturi, ili awapishe. Akawapisha.

Kati ya wanawake mmoja tu hakucheka.

"Ulikuwa unasema kweli," Kalunde alimwambia walipobaki wawili. Ukanda ulikuwa shingoni.

"Ndiyo."

"Nilipokuwa naimba."

"Ulipokuwa unaimba."

"Ilipiga hodi?"

"Ilipiga. Ikaondoka. Ikarudi, ikapiga. Ndivyo nilivyoifunza."

Kalunde alitega sikio. Upande wa pili wa ubao hakukuwa na mlio wowote.

"Sasa hakuna pampu," alisema. "Naweza kuongea mpaka kesho, hakuna wa kunigongea. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukinyamaza, mimi nabaki na sauti, Bi Sihaba anabaki na kifo chake kizuri, wewe unabaki na jina."

"Nitafute njia nyingine. Nipe muda, Kalunde. Labda nikigawanya ile kazi vipande…"

"Umeiona hiyo njia?"

"Bado."

"Behewa la mwisho kuna mama ana ukanda. Mtoto wake yuko kwenye pampu. Anamwimbia ili alale. Alijifunza kwangu, alikuja jana usiku kuniuliza sauti ninaivutaje."

Mihambo akasimama.

"Nikimwambia Redempta ataving'oa viini vyote. Na chako pia, maana kitanda cha mzee hakitakaa wazi."

"Najua kitakachotokea, si mtoto mimi," Kalunde akasema. "Nenda. Usigeuke nyuma, maana ukigeuka nitakuzuia, na nikikuzuia utakubali."

Akaenda. Nyuma yake alimsikia akiendelea kuongea, harakaharaka, na kiti, na sufuria, na ukuta, majina ya watu wa kwao mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua.

Redempta hakumlaumu. Alikaa chini, akasema, "Na mimi nilicheka, siku ile ya mama mkwe," kisha akachukua nyaya zake akaanza na behewa la mwisho. Kabla jua halijazama safu nzima ilikuwa imerudishiwa kiini cha zamani.

Mihambo akaenda kwa Bi Sihaba, akapiga magoti mlangoni, akamweleza yote, taratibu, ili safari hii asicheke. Hakucheka.

"Nilikuwa na kitu kimoja humu ndani," mama alisema. "Mume wangu alikufa anaimbiwa. Sasa umekuja umekichukua. Umejisikia vizuri?"

"Hapana, mama."

"Basi ulikuja kufanya nini?"

*

Bi Sihaba alirudi pwani kwa ndugu zake kwa treni iliyofuata na hakuwaaga. Redempta alihamishiwa kambi nyingine, akaacha unesi, akafungua duka la vitambaa. Watu wa safu ile waliorudi kuwa bubu hawakumsalimia tena Mihambo. Wengine walimtemea mate njiani, na wawili walimwomba kwa maandishi awarudishie kiini kile kwa siri, akakataa. Mama wa behewa la mwisho aliuvua ukanda. Mtoto wake aliishi mpaka kipupwe, akafa kwa homa.

Mihambo alijenga viini vingine vingi kwenye kompyuta ile, na hakuna hata kimoja kilichoweza kusikiliza pampu na kusema kwa wakati mmoja. Vumbi lilimwingia mapafuni. Kambi haikuwa na pampu ya ziada. Kalunde alimzika, akaenda kukaa kwa mpwa wake kule Itigi, ambako yuko mpaka leo, anashona, anaongea kwa mikono. Kompyuta aliiachia kambi, ikatumika kuhesabu magunia ya unga. Kambi ilipofungwa, mabehewa yaliuzwa kama chuma chakavu.